Presha Imeshuka

Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwake nilimsalimu kwa heshima yote niliyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, nyanya."

Kizee aliyekuwa ameketi kitandani, miguu imefunikwa shuka, alinitazama kwanza. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ati mie tungule?"

Binti yake alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikuelewa. Kwetu, magharibi mwa Kenya, nyanya ni mama wa mama yako au wa baba yako, na ukimwita mtu hivyo umempa cheo. Hawa walikuwa watu wa Unguja waliohamia Dubai kabla mimi sijazaliwa, na Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa kile kile walichoondoka nacho kwao. Nyanya waliyoijua wao ni neno la watu wa bara la tungule, ile inayokatiwa kwenye kachumbari. Akaniambia nimwite Bibi. Hapo nikasita mimi, maana kwetu bibi ni mke wa mtu. Lakini nikamwita Bibi, na Bibi ndiye atakayekuwa katika kisa hiki pia.

Nilikuwa muuguzi. Kampuni iliyoniajiri ilitupeleka majumbani kuhudumia wagonjwa, wengi wao wazee waliotoka hospitali lakini hawajaweza kujitegemea. Ilikuwa miaka ile treni ya juu ilipokuwa bado ni nguzo tu za zege katikati ya barabara, na kila ukiinua macho unaona winchi. Nilikaa mtaa wa Karama, chumba kimoja na wauguzi wenzangu. Asubuhi gari dogo la kampuni lilituzungusha mjini na kutushusha mmoja mmoja kwenye milango ya watu.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza bafuni, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na fremu ya kutembelea na mfuko wa dawa. Alikuwa pia na presha ya siku nyingi, na jioni miguu yake ilivimba. Binti yake, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi katika ofisi moja ya serikali, hakutaka mama yake apungukiwe na chochote. Mimi nilikuwa wa mchana. Usiku alikuja muuguzi mwingine wa kampuni yetu, dada mwembamba kutoka Kerala, India. Mazoezi ya viungo yalisimamiwa na kijana wa Kimisri mwenye mabega mapana, aliyekuja asubuhi mara kadhaa kwa wiki. Daktari alikuwa Msudani mpole mwenye mvi. Alipita mara moja moja, na siku nyingine alizungumza na binti kwa simu tu.

Hakukuwa na mvivu kati yetu, wala asiyejua kazi. Ila hatukuwahi kukaa wote chumba kimoja.

Mimi na dada wa Kerala tulikutana langoni. Gari lililonileta ndilo lililomchukua yeye, na dereva alikuwa na nyumba nyingine za kupitia. Mimi nashuka, yeye anapanda, na katikati tunarushiana maneno.

"Amelalaje?"

"Si vizuri sana. Kuna jambo nataka kukwambia kuhusu—"

"Yalla, sista, yalla," dereva anaita, mguu uko kwenye mafuta.

Mlango unafungwa. Jambo lenyewe linaondoka na gari.

Ndani ya nyumba lugha zilikuwa zimegawana vyumba. Binti, daktari na kijana wa mazoezi walizungumza Kiarabu, na Bibi alikielewa vizuri ingawa walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hasikii. Mimi na dada wa Kerala tulikuwa na Kiingereza, ambacho binti na daktari walikijua pia, na Bibi kidogo sana. Kiswahili kilikuwa changu, cha Bibi na cha binti yake, na Kiarabu nami nilishakiokota kiasi cha kufuata mazungumzo. Dada wa Kerala na Bibi walikuwa na maneno machache tu ya kuokoteza: maji, chai, pole pole. Yaliyobaki walionyeshana kwa mikono.

Miezi miwili ya mwanzo Bibi aliendelea vizuri, kisha akasimama. Hakurudi nyuma, lakini mbele hakwenda. Asubuhi alikuwa mzito, macho yanafumba anapokula. Kijana wa mazoezi alimsimamisha na kumhesabia hatua, na baada ya hatua chache Bibi aliomba kukaa. Kijana akanong'ona kwa binti kwamba mgonjwa hana moyo wa kujaribu. Alisema kwa Kiarabu. Bibi akageuza uso ukutani.

Mimi niliona kitu kingine. Kila asubuhi nilipompima, presha yake ilikuwa chini, na kila wiki chini zaidi. Kumpigia daktari moja kwa moja haikuwa desturi ya nyumba ile. Habari zote zilipitia kwa binti. Kwa hiyo alipokuwa anajiandaa kwenda kazini, anatafuta funguo, nilimwambia, "Madam, presha ya Bibi imeshuka. Nadhani daktari ajue."

Akatabasamu. "Alhamdulillahi. Nitamwambia."

Akamwambia. Jioni nikamuuliza binti daktari amesemaje, akanijibu kwamba daktari amefurahi, tuendelee hivyo hivyo. Nikashangaa, lakini nikadhani daktari anajua nisichojua mimi. Nikaendelea kupima, na namba zikaendelea kuteremka.

Siku moja, kijana wa mazoezi alipomsimamisha Bibi ili avuke chumba, nilikuwa natandika kitanda. Nikasikia fremu ikigonga sakafu. Kugeuka, nikaona Bibi amelegea kama nguo iliyotoka kuloweshwa, kijana amemkumbatia kiunoni. Nilikimbia nikashika upande wa pili. Hatukumwachia aanguke. Tulimteremsha taratibu mpaka kwenye zulia, nikamlaza, nikainua miguu yake juu ya mto. Uso ulikuwa umejaa jasho la baridi. Baada ya muda alifumbua macho.

"Nipo," akasema. "Msinipigie kelele."

Lakini kelele zilikuwa zimeshaanza. Binti alirudi kutoka kazini akiwa bado amevaa kitambulisho chake shingoni. Daktari akaja. Bibi alikuwa amerudishwa kitandani, na sisi tumesimama kumzunguka. Kijana wa mazoezi alisema hakuambiwa kwamba mgonjwa ana kizunguzungu. Daktari akasema yeye aliambiwa presha iko vizuri. Binti akanigeukia mimi: kwa nini sikusema?

"Nilisema, madam. Nilikwambia presha imeshuka."

"Ndiyo. Imeshuka. Si ndiyo tunayoitaka?"

Nilielewa wakati ule ule, na nadhani na yeye pia. Mtu wa familia iliyohangaika na presha ya mama yao miaka mingi akisikia imeshuka, anashukuru Mungu. Muuguzi akisema imeshuka, anabisha hodi kwa wasiwasi. Neno lilikuwa moja, tena la lugha yetu sote wawili.

Lakini hofu haipendi kutulia. Binti akahamia kwa aliyekuwa hayupo. "Ni yule wa usiku," alisema kwa Kiarabu. "Kila asubuhi analalamika. Anasema hapati usingizi. Amekuja kulala au kufanya kazi? Nitaiambia kampuni imbadilishe."

"Khalas," akasema Bibi.

Hakupaza sauti, lakini "basi" yake hiyo ya Kiarabu ilimkata binti maneno. Alijisukuma kwa viwiko mpaka akakaa.

"Mnanizungumza kama mnazungumza kabati," alisema, mara hii kwa Kiswahili, akimtazama binti yake. "Lihamishwe wapi, lifunguliwe na nani. Mimi ndo mwenye mwili. Kesho alasiri nawataka wote hapa. Na huyo msichana wa usiku aje mapema, asifukuzwe mtu kabla hajasikilizwa."

"Mama, daktari ana wagonjwa wengine."

"Na mimi ni mmojawapo."

Daktari hakuwa na Kiswahili, lakini alielewa sauti. Aliuliza nini kimesemwa, nikamweleza kwa Kiingereza. Akamwinamia Bibi kidogo na kusema kwa Kiarabu kwamba atakuja, inshallah. Bibi akamjibu kwamba inshallah ya namna hiyo haitaki. Anataka ile ya kuja kweli. Daktari akacheka, na chumba kikapata hewa.

Kesho yake alikuja kweli. Binti aliandaa kahawa na halua. Dada wa Kerala aliletwa na gari la kampuni mapema, na aliingia ameshika mkoba wake kifuani kama mtu aliyeitwa kupewa barua ya kuachishwa. Nilimwekea kiti karibu nami. Kijana wa mazoezi, mabega yale yote, alibahatika kupata kiti kidogo cha plastiki.

Tulikunywa kahawa. Bibi akatutazama mmoja mmoja, halafu akaanza yeye, na mimi nikawa natafsiri kwa Kiingereza huku binti akitafsiri kwa Kiarabu palipohitajika.

"Nilipokuwa kigori," alisema, "mama yangu alikuwa akipika arusini. Masufuria makubwa, wanawake chungu nzima jikoni. Basi mtu akitia chumvi hufunga mdomo? Thubutu. Anasema kwa sauti, 'Nshatia.' Na aliye karibu naye anajibu, 'Fulani keshatia.' Hapo ndo wengine wanajua. Asiposema, na wa pili atatia, na wa tatu, na wote wapishi wazuri, na pilau haliliki. Sasa nataka kila mtu aniambie anatia nini. Aanze huyu." Akamwonyesha dada wa Kerala.

Dada alinitazama. Nikamwambia kwa upole kwamba anaulizwa usiku unakuwaje. Alizungumza akitazama sakafu.

"Usiku anaamka mara nyingi. Mwanzo aliniita, nikampeleka chooni. Siku hizi haniiti. Nikienda jikoni kuchemsha maji, nikirudi naikuta fremu si pale nilipoiacha. Naona kandambili zimelowa. Nadhani anakwenda peke yake. Nilijaribu kumwambia madam. Nilimwambia, hatulali usiku kucha."

Binti aliinua kichwa. "Nilidhani unalalamikia kazi."

"Hapana, madam. Nilikuwa nataka kusema kwamba *yeye* halali."

Nilimtafsiria Bibi. Alivuta ukaya wake wa kichwani, akautengeneza begani.

"Kweli," alisema mwishowe. "Nnakwenda. Mtu mzima mie, nishikwe mkono na mtoto wa watu mpaka chooni kila saa? Nnaona haya. Tena namwona amechoka, nkasema mwache apumzike kidogo."

Dada alipotafsiriwa hayo, macho yalimjaa maji. "Mwambie hiyo ndiyo kazi yangu. Na mwambie sichoki."

"Muongo," akasema Bibi.

Nikatafsiri na hilo pia. Dada akacheka akifuta macho kwa kiganja, na mkoba ukashuka kutoka kifuani mpaka mapajani.

Daktari alikuwa ameweka kikombe chini. "Mara nyingi, ni mara ngapi? Na kwa nini?" aliuliza. "Dawa ya kukojoza niliandika apewe asubuhi ili usiku alale."

"Asubuhi nampa mimi," nikasema. "Baada ya chai."

"Basi haiwezi kuwa hiyo."

Binti akauliza polepole, kama mtu anayepapasa gizani, "Ile ya miguu je?"

"Ipi ya miguu?"

"Ile tuliyotoka nayo hospitali. Kidonge kidogo. Nampa mwenyewe baada ya sala ya Isha, miguu ikiwa imevimba. Inamsaidia sana."

Akaenda akaleta boksi. Daktari akalichukua, akavaa miwani, kisha akaniomba boksi langu. Yalikuwa ya rangi tofauti, yenye majina tofauti, kutoka maduka mawili tofauti ya dawa. Aliyaweka pamoja juu ya goti na kutuonyesha maandishi madogo chini ya kila jina. Ilikuwa dawa ile ile.

Nilikuwa na sehemu yangu, kila mtu alikuwa na yake, na sasa zilikuwa zimelala pamoja juu ya goti la daktari. Dozi ya jioni ndiyo iliyomwinua usiku. Kuinuka usiku ndiko kulikomnyima usingizi. Dozi mbili kwa siku zilimkausha maji na kuteremsha presha, na asubuhi kijana wa mazoezi alimkuta mtu aliyechoka, mwenye kizunguzungu, akamwona mvivu.

Kijana mwenyewe ndiye aliyesema kwanza. Aliinuka kutoka kwenye kile kiti kidogo, akasogea karibu na kitanda. "Samahani, Mama," alisema kwa Kiarabu. "Nilisema huna moyo. Nilikosea."

"Nilikusikia siku ile," Bibi alimjibu kwa Kiarabu chake kizuri. "Sasa nimekusikia na leo."

Aliyeumia zaidi alikuwa binti. Alikaa na lile boksi mkononi, analigeuza na kuligeuza. "Mimi nilikuwa najaribu kukusaidia, Mama."

"Najua, mwanangu. Wote mlikuwa mnanisaidia." Bibi alinyoosha mkono akalichukua boksi, akampa daktari. "Lakini hata mie nilikuwa nnameza viwili, chako na cha huyu, na sikumuuliza mtu. Nilidhani mnajua."

Daktari akasimamisha dawa ya jioni na kuagiza damu ipimwe. Alieleza mambo hayo kwa Kiarabu, taratibu, akimtazama Bibi badala ya binti. Alipomaliza Bibi akamwambia, "Ngoja," kisha akayarudia yote kwa maneno yake mwenyewe ili aone kama ameyashika. Sehemu moja alikosea, daktari akamsahihisha. Tangu siku ile na sisi tukawa tunarudia. Nikiambiwa jambo kwa simu, nalisema tena kabla ya kukata. Mwanzoni ilionekana kama mchezo wa watoto, baadaye nikawa nashangaa mtu anapokata simu bila kurudia.

Mambo mengine yalibadilika, madogo tu. Binti aliipigia kampuni, si kulalamika, bali kuomba gari lisimame kwao kidogo asubuhi. Dereva naye, ambaye kumbe alikuwa anatoka kwake bila kutia kitu mdomoni, akawa anapewa chai na mkate wa kumimina barazani. Hapo hakuna tena yalla. Anapokunywa chai yake, mimi na dada wa Kerala tunasimama kando ya kitanda, na dada anasema usiku ulivyokuwa mbele ya Bibi mwenyewe. Maneno yaliyomshinda alionyesha kwa mkono. Bibi naye akajifunza maneno ya Kiingereza ya kumsahihisha. "No," anasema, "two time. Not three."

Na mimi niliacha kusema imeshuka au imepanda. Nilisema presha iko chini kuliko inavyotakiwa, na ninaogopa. Lile la kuogopa hatukufundishwa chuoni, lakini niligundua kwamba ndilo watu wanalolisikia.

Haikuwa kwamba kila kitu kilinyooka. Wiki moja daktari alisafiri na aliyemshikia nafasi hakutaka kikao wala kahawa. Siku nyingine binti alikuwa amechoka, akanijibu kwa ukali, nami nikanuna mpaka mchana. Na Bibi alikuwa mkaidi. Alikubali kumwita dada wa usiku, lakini kuna asubuhi dada alitoa ripoti huku Bibi akitazama dari, na sote tukajua amekwenda chooni peke yake tena. Hata hivyo, kila Alhamisi alasiri tulikaa chumbani kwake, wote au wachache wetu, na kila mtu alisema alichofanya na alichokiona.

Asubuhi zake zikawa nyepesi. Alianza kuuliza kijana wa mazoezi amechelewa wapi. Akavuka chumba, akafika sebuleni, akatoka barazani. Siku moja alimwambia kijana ageuke asimtazame, akaacha fremu, akatembea kwa mkongojo mpaka kwenye kochi. Kijana aligeuka kabla hajafika, kwa sababu hakuweza kuvumilia, na nilimwona mikono ameitanguliza mbele, tayari kudaka. Haikuhitajika.

Kijana alipotangaza kwamba kazi yake imekwisha, Bibi alikasirika. Alimuuliza kwani kujuana kwao ni dawa, ikiisha boksi linatupwa. Kijana akaja Ijumaa iliyofuata na mkewe na mtoto wao mchanga. Bibi aliwapokea akiwa amesimama mlangoni, kanga mpya, udi umefukizwa nyumba nzima. Alimpakata mtoto yule mpaka akalala, na mkono wake wa pili ulikuwa umeegemea mkongojo.

Muda si mrefu na mimi nikahamishwa. Mgonjwa anayetembea mwenyewe hahitaji muuguzi wa mchana, na kampuni ilikuwa na mzee mwingine upande wa Marina aliyepooza mkono na mguu. Niliagana na Bibi asubuhi. Hakulia, alinipa halua ya kwenda nayo, akaniambia Kiswahili changu bado kina mawe lakini sasa angalau mtu anaweza kukipita pekupeku.

Dada wa Kerala aliendelea kuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukikutana Karama siku zetu za mapumziko, tukila dosa kwenye mkahawa wa chini, na yeye ndiye aliyenifundisha kupanga maneno machache ya maana kabla ya kumpigia daktari yeyote simu.

Wiki kadhaa baada ya kuhama, nilimpigia binti kumjulia hali mama yake. Nikauliza anaendeleaje.

"Usiniulize mimi," akasema. "Nakupa mwenyewe."

Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono, na mkongojo ukigonga sakafu ukisogea karibu. Kisha sauti ya Bibi, bila hata salamu, kama muuguzi anayekabidhi zamu: amelala vizuri, ameamka mara moja na amemwita binti yake, amekula mkate na mayai, miguu imevimba kidogo tu, presha haiko chini wala haiko juu. Goti la kushoto linamsumbua na ameshamwambia daktari.

"Haya," akasema. "Sasa rudia."

Nikarudia yote. Nilisahau goti, akanikumbusha.